Milioni 17 Jumapili hii, milioni 12 Jumapili ijayo: nini hasa kiliwaudhi watazamaji wa The Walking Dead?

Jumapili ya tarehe 23 Oktoba 2016, saa 3 usiku kwa saa za New York, kituo cha AMC cha Marekani kilifungua msimu wa saba wa The Walking Dead. Huku kwetu ilikuwa saa 10 alfajiri ya Jumatatu, kwa hiyo mfuatiliaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliamka akakuta mambo yote yameshamwagwa kwenye simu: nani kafa, kapigwa na nini, jicho limekuwaje. Marekani peke yake, waliotazama usiku ule walikuwa milioni 17.03. Kwa tamthilia ya televisheni ya kulipia hiyo ni idadi ya ajabu. Katika maisha yote ya mfululizo huo ni sehemu moja tu iliyowahi kuipita, ile iliyofungua msimu wa tano mwaka 2014 kwa watu milioni 17.29.

Sehemu haijaisha vizuri, watu wakaanza kuapa mitandaoni kwamba hawaitazami tena. Viapo vya mashabiki tunavijua, vingi havifiki Jumatano. Safari hii vilifika. Jumapili iliyofuata walihesabiwa milioni 12.46, na mfululizo huo, uliodumu hadi Novemba 2022, haukuwahi tena kukusanya watu wengi kuliko hao kwa usiku mmoja.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba damu ilizidi. Si uongo, maana damu ilizidi kweli. Ila ukiyafuata maelezo hayo peke yake, kuna mambo yanabaki bila jibu. Tamthilia hii ilikuwa ikichana matumbo ya watu tangu 2010, na hesabu yake ikapanda mwaka hadi mwaka mpaka msimu wa tano. Kwa nini damu iwashinde watu mwaka wa sita? Mimi naona hasira ile ilizaliwa miezi sita kabla, kwenye sehemu iliyofunga msimu wa sita, na usiku wa Oktoba watu walikuja kudai deni lao. Walipolipwa, wakaondoka.

Kwa asiyeifahamu: dunia imejaa wafu wanaotembea na kula walio hai, na kundi la manusura linahangaika kutafuta pa kuishi chini ya Rick Grimes, naibu sherifu aliyezinduka hospitalini akakuta ulimwengu umeshaisha. Kisa kimetoka kwenye vitabu vya katuni vya Robert Kirkman vilivyoanza mwaka 2003. Steringi ni Rick, hilo halina ubishi. Lakini mwishoni mwa sehemu ya kwanza kabisa, Rick akiwa amejibanza ndani ya kifaru huku wafu wamekizingira, anasikia redioni sauti ya mtu asiyemjua ikimkejeli na kumuuliza kama humo ndani kunamkalia vizuri. Sauti ile ni ya Glenn Rhee, kijana aliyekuwa akipeleka piza majumbani. Bila Glenn, steringi angeliwa siku ya kwanza. Miaka sita ikapita na Glenn yumo, akaoa, akawa mtu mzima machoni mwa watazamaji. Aliyemwigiza, Steven Yeun, ni mzaliwa wa Seoul, na kwa Wamarekani wengi wenye asili ya Asia huyu alikuwa mmoja wa wachache wa aina yao waliopata nafasi kubwa ya kupendwa na kuoa kwenye tamthilia kubwa ya nchi ile. Kumuua Glenn kulikuwa na uzito ambao kumuua mtu mwingine wa kundini kusingekuwa nao.

Na wasomaji wa katuni walijua atauawa. Toleo la 100, lililotoka Julai 2012, ndilo lenye kifo chake, mikononi mwa mtu aitwaye Negan na kwa rungu lake la besiboli.

Imeishia patamu, halafu?

Tarehe 3 Aprili 2016. Usiku, msituni, watu 11 wa kundi la Rick wamepigishwa magoti kwenye duara la taa za magari. Anashuka mtu mrefu mwenye koti la ngozi, anatabasamu. Ndiye Negan, aliyeigizwa na Jeffrey Dean Morgan. Mkononi ana rungu la besiboli lililozungushiwa seng'enge, na rungu amelipa jina la kike, Lucille. Anawaambia mmoja wao atakufa, kisha anaanza kuchagua kwa wimbo wa kitoto, ule wa kuhesabu kwa kidole kila neno mtu wake, mpaka wimbo unapoishia. Anasimama. Na hapo kamera inahama: sasa tunaona kwa macho ya aliyechaguliwa. Tunamwona Negan akiinua rungu, linashuka, damu inatiririka juu ya kioo, giza. Sauti za kipigo na vilio zinaendelea gizani. Basi. Msimu umeisha, tukutane Oktoba.

Kuishia patamu si kosa. Aliyekua akisoma hadithi za mfululizo magazetini analijua tangu utotoni: bunduki imeelekezwa kifuani, kidole kimegusa kifyatulio, chini pameandikwa “itaendelea”. Unalalamika, na wiki ijayo unanunua gazeti. The Walking Dead wenyewe walishafanya hivyo bila kugombana na mtu. Msimu wa nne uliisha Machi 2014 sehemu kubwa ya kundi ikiwa imefungiwa ndani ya behewa lenye giza mahali paitwapo Terminus, na Rick akiapa kwamba waliowafungia wamewachezea watu wasio wa kuchezewa. Nje kuna nani, wanataka nini, hakuna ajuaye. Watazamaji milioni 15.68 waliona mwisho ule. Oktoba walirudi milioni 17.29, kwa furaha, na ufunguzi wa msimu wa tano mpaka leo unatajwa kama moja ya sehemu zao bora.

Tofauti iko wapi? Ndani ya behewa, Rick hajui na mimi sijui. Tumefungiwa pamoja. Msituni, Rick anajua ni nani anayepigwa. Maggie, mkewe Glenn, anajua. Negan anajua, hata vijana wake waliosimama pembeni wanajua. Mtu pekee asiyejua ni aliyekaa kwenye kochi, na hajui kwa sababu moja tu: kamera imegeuzwa ili asione. Jambo limeshatokea, jibu limelala pale chini ya lile rungu, na mtu amesimama mbele yako makusudi akikuziba.

Hapo ndipo utamu ulipogeuka hila. Nadhani ndiyo sababu kelele za Aprili hazikuwa za watu wenye hamu, zilikuwa za watu waliotukanwa. Scott M. Gimple, aliyekuwa akisimamia mfululizo huo, alijitetea kwamba kisa cha msimu wa sita kilikuwa cha Rick kujiamini kupita kiasi mpaka akakutana na mkubwa wake, kwa hiyo pale alipopigishwa magoti ndipo kilipoishia, na jina la aliyekufa ni mwanzo wa kisa kingine. Kama hoja ya darasani, inashikika. Lakini mtazamaji hakai na ramani ya visa. Yeye ameona rungu linashuka na anataka kujua limemshukia nani.

Mfano bora wa kulinganisha ni wa zamani, na wengi wetu tunaujua kwa jina tu. Tarehe 21 Machi 1980, kwenye tamthilia ya Dallas ya kituo cha CBS, tajiri mwenye roho mbaya J.R. Ewing alipigwa risasi akiwa ofisini usiku, na aliyempiga hakuonekana. Mgomo wa waigizaji ukachelewesha msimu mpya, kwa hiyo jibu halikutoka mpaka tarehe 21 Novemba, miezi minane kamili. Watu walifanya nini katika miezi hiyo? Walivaa fulana zenye swali lile, na kampuni za kubeti za Uingereza zikapokea dau juu ya nani aliyempiga. Usiku wa jibu walitazama zaidi ya watu milioni 83 Marekani. Miezi minane, na hakuna aliyeona ametapeliwa, kwa sababu hata J.R. mwenyewe hakujua nani kampiga. Polisi hawajui, familia haijui, sisi hatujui; haya tukisie. Na kukisia kulikuwa na maana, kwani waandishi walishawapa karibu wote waliomzunguka sababu ya kumchukia.

Dallas hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kutoa mfano wa upande wa pili. Bobby, mdogo wake J.R., aliuawa kwa kugongwa na gari Mei 1985 kwa kuwa mwigizaji wake, Patrick Duffy, alitaka kuondoka. Mwaka mmoja bila yeye ukawa mgumu, wakamwomba arudi. Utamrudishaje mtu aliyezikwa? Msimu ukafungwa Mei 1986 kwa mkewe Pam kuamka, kufungua mlango wa bafu na kumkuta Bobby anaoga. Watu wakakisia majira yote ya joto: pacha? Tapeli aliyefanyiwa upasuaji wa sura? Ufunguzi wa msimu mpya, tarehe 26 Septemba 1986, ukajibu: Pam alikuwa anaota. Sehemu zote 31 za mwaka ule, ndoa zake, vifo vyake, fitina zake, ndoto. Cha kuchekesha ni kwamba Knots Landing, tamthilia iliyozaliwa kutoka humo humo Dallas, ilikuwa imeshajenga mambo yake juu ya kifo cha Bobby na haikukubali kurudi nyuma. Kule akabaki marehemu. Miaka karibu 40 sasa, na ndoto ya Pam bado ndiyo mfano wa kwanza kutajwa mwandishi anapotafuta mlango wa nyuma wa kutokea.

Kwa hiyo mtazamaji huvumilia kungoja, tena sana. Anachokataa ni kuambiwa kwamba alichokiona hakukiona, au kuzuiwa kuona kilicho mbele yake. Na hapa The Walking Dead walikuwa na rekodi mbaya tayari. Oktoba 2015, mwanzoni mwa msimu wa sita, Glenn na mwenzake Nicholas walizingirwa na wafu wakiwa juu ya kontena la taka. Nicholas akajipiga risasi, wakaanguka wote wawili, na tukaona kwa karibu uso wa Glenn ukipiga kelele huku matumbo yakichanwa kifuani pake. Jina la Steven Yeun likaondolewa kwenye orodha ya waigizaji inayopita mwanzoni mwa kila sehemu. Wiki nne baadaye, tarehe 22 Novemba, ikaonekana kumbe matumbo yalikuwa ya Nicholas, na Glenn alijiburuta akajificha chini ya kontena. Kufuta jina la mtu kwenye orodha ili uongo ukolee! Aliyewahi kufanyiwa hivyo Oktoba, ukimfanyia tena Aprili, usitegemee atangoja kwa moyo mweupe.

Usiku wenyewe

Majira ya joto yalipita kwa upelelezi. Watayarishaji walirekodi wahusika mbalimbali wakipigwa rungu, ili hata mtu wa ndani akivujisha asijue ipi itatumika. AMC nao wakawatisha kwa mawakili wapekuzi wa mtandaoni waliojiandaa kutangaza jina la aliyekufa. Yaani swali lililotengenezwa na kamera likalindwa kisheria.

Kisha ikaja sehemu yenyewe, iliyoongozwa na Greg Nicotero. Na haikujibu. Inaanza mauaji yakiwa yameshapita: Rick amepiga magoti, damu isiyo yake imemrukia usoni, anamtazama Negan kwa macho mekundu na kumwambia atamuua, si leo, si kesho, lakini atamuua. Negan anamburuta hadi kwenye gari kubwa la safari, wanaondoka kuelekea kwenye ukungu uliojaa wafu. Humo ndani shoka linatupwa, Rick anaamrishwa akalilete, na nyuso za wenzake zinampitia kichwani mmoja mmoja, kila mmoja akionekana kana kwamba ndiye. Ilichukua kama dakika 20 hivi, matangazo yakiwemo, kabla hatujarudishwa msituni. Umengoja miezi sita, sasa unangojeshwa tena kwa mambo ambayo mle ndani kila mtu anayajua.

Wa kwanza ni Abraham, sajini mwenye masharubu mekundu. Hapo tunaona kitu ambacho Aprili tulinyimwa: anainua kichwa, anavuta pumzi, anajikaza, na kwa siri anamwonyesha Sasha vidole viwili, ishara yao ya amani. Dakika nzuri sana kwa mwigizaji, na nashindwa kuelewa nani aliona ni busara kuificha miezi sita kwa ajili ya swali. Kisha pigo la kwanza, anainuka tena kwa ukaidi na kumtukana Negan, na baada ya hapo ni rungu tu.

Kwa mtu asiyesoma katuni, hapo pumzi zilishuka. Imekwisha, Abraham maskini, lakini Glenn amepona. Wasomaji wa katuni nao walikuwa wanajikuna kichwa: basi wamebadilisha, kama walivyobadilisha mengi. Ndipo Daryl anapomrukia Negan na kumpiga ngumi. Negan anacheka, anasema hilo lina adhabu yake, anageuka ghafla na kumshushia Glenn. Bila wimbo wa kitoto, bila kuhesabu. Tena kwa picha iliyochukuliwa karibu moja kwa moja kutoka toleo la 100: fuvu limebonyea, jicho limetoka kwenye tundu lake, na mdomo bado unajaribu kumwambia mkewe mjamzito, “Maggie, nitakupata.”

Kiufundi ule ulikuwa mtego uliotegwa kwa akili. Kulikuwa na makundi mawili ya watazamaji yenye maarifa tofauti, na waandishi waliyapiga yote mawili: la kwanza kwa Abraham, la pili kwa kulituliza kisha kulipa kile kile lililokiogopa tangu 2012. Ukiwa na moyo mgumu utasifu. Tatizo ni kwamba mtego mzuri unahitaji mtu aliyeingia akiwa na imani, na imani ilishatumika yote kwenye kontena la taka.

Sehemu haikuishia hapo pia. Ilimlazimisha Rick kushika shoka amkate mwanawe Carl mkono, ikamzuia dakika ya mwisho, kisha ikafunga kwa picha ya ndoto: meza ndefu uwanjani, kundi zima linakula, Glenn amempakata mtoto ambaye hatamwona kamwe. Wapo waliolia. Wapo walioona ni kutiwa chumvi kwenye kidonda. Nikiwa mkweli, mimi niko kwa hawa wa pili.

Damu, na nani wa kuilalamikia

Wenye kulalamikia ukatili walikuwepo na walisikika zaidi, kwa kuwa malalamiko yao yanaandikika kwa sentensi moja. Baraza la Wazazi la Televisheni, jumuiya ya kiraia ya Marekani inayopambana na matusi na ukatili kwenye vipindi, lilishutumu sehemu ile hadharani. Ajabu ni kwamba hakukuwa na pa kuipeleka kesi. Tume ya Mawasiliano ya Marekani husimamia maadili ya vituo vya bure vinavyorushwa hewani, si vya kebo ambavyo mtu ameviingiza nyumbani kwa hiari na kuvilipia, na hata kwa vile vya bure sheria yake inahusu mambo ya uchi na matusi, haigusi damu. Kwa hiyo mahakama pekee iliyobaki ilikuwa rimoti.

Januari 2017, Gale Anne Hurd, mmoja wa watayarishaji wakuu, alisema kwamba baada ya kuona mapokeo yale walipunguza ukali kwenye sehemu zilizokuwa bado zinarekodiwa. Gimple naye akasisitiza kwamba ukatili wa ufunguzi ulikuwa na makusudi yake na haukuwa kipimo cha msimu mzima. Ukiwasikiliza wote wawili utaona wanajibu swali moja: damu kiasi gani? Ni swali rahisi kwao kwa sababu damu hupunguzika kwenye chumba cha uhariri. Imani haina kitufe.

Na malalamiko ya damu, ukiyasogelea, mara nyingi yalikuwa yamebeba lile jingine ndani yake. Watu hawakusema tu “ilikuwa kali”. Walisema ilikuwa ya kufurahia, ya kuwakomoa. Kipigo kile kile kingeonyeshwa Aprili, mfululizo bila kukatwa, kingekuwa msiba mwishoni mwa msimu, na miezi sita ingekuwa ya kuomboleza. Kukihifadhi na kukitoa Oktoba kama zawadi ya kuvutia watu, na mara tu baada yake kuweka kipindi cha mazungumzo cha Talking Dead kikirushwa moja kwa moja kutoka kwenye makaburi ya Hollywood Forever, waigizaji wamekaa jukwaani, kulikigeuza kifo kuwa shughuli.

Sasa tuzihesabu

Idadi zenyewe zinahitaji tahadhari, maana hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Milioni 17.03 haisemi kwamba watu milioni 17 waliipenda sehemu ile. Wakati wanawasha televisheni hawakuwa wameiona! Idadi ya usiku wa ufunguzi hupima hamu iliyoachwa na msimu uliopita. Hukumu juu ya ufunguzi wenyewe husomwa wiki ya pili.

Lakini wiki ya pili nayo hushuka kila mwaka, hata kukiwa na amani. Wapo wanaokuja kwa ufunguzi tu kama wanaokwenda harusini kwa ajili ya kula. Msimu wa nne ulifunguliwa na milioni 16.11, wiki ya pili 13.95: upungufu wa asilimia 13. Wa tano, 17.29 kisha 15.14: asilimia 12. Wa sita, 14.63 kisha 12.18: asilimia 17. Wa saba, 17.03 kisha 12.46: asilimia 27. Hicho ndicho kitu cha kutazama: upungufu ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa kawaida.

Je, kuna sababu nyingine? Ipo moja nzito. Jumapili ile ya pili, tarehe 30 Oktoba, Marekani kulikuwa na mchezo wa tano wa fainali za besiboli, na Chicago Cubs walikuwa wanatafuta ubingwa ambao hawakuupata tangu 1908. Huwezi kumlaumu mtu wa Chicago kwa kumwacha Negan usiku huo. Ila tarehe 6 Novemba fainali zilishaisha, Cubs walishabeba kombe, na watazamaji hawakurudi. Walishuka tena hadi milioni 11.72. Kufikia mwisho wa Novemba walikuwa milioni 10.40. Besiboli haielezi hilo.

Sababu ya pili inayotajwa ni kwamba watu walikuwa wanahama televisheni ya kawaida kwenda kwenye huduma za intaneti, na kwamba hesabu hizi za usiku ule ule haziwashiki wanaorekodi na kutazama siku ya tatu. Ni kweli. Lakini ufunguzi ulihesabiwa kwa mizani ile ile, na uhamaji wa taratibu haupunguzi watu milioni nne na nusu kwa wiki moja. Tena katika kipindi hicho hicho Game of Thrones ilikuwa inapanda kwenye televisheni ya kulipia: ufunguzi wa msimu wake wa sita, Aprili 2016, ulipata watazamaji milioni 7.94, na ule wa msimu wa saba, Julai 2017, milioni 10.1. Waliokuwa na sababu ya kukaa walikaa.

Nakubali jambo moja kwa wanaonipinga. Msimu wa saba wenyewe, baada ya ufunguzi, ulikuwa mzito: Rick amevunjika, kundi limetawanywa, wiki nzima anaonyeshwa Daryl amefungiwa chumba chenye giza akilishwa mikate ya chakula cha mbwa huku wimbo mmoja ukirudiwa kutwa. Mtu angeweza kuacha kwa uchovu tu, bila kinyongo. Kutenganisha aliyechoka na aliyekasirika kwa kutumia idadi haiwezekani, kwa kuwa mtambo unaohesabu unajua televisheni imezimwa, haujui mkono ulioizima ulikuwa wa namna gani.

Lakini iko hesabu moja inayobaki, na kwangu ndiyo inayoelezea vizuri kuliko zote. Tarehe 2 Aprili 2017 msimu wa saba ulifungwa bila kuzibwa macho kwa mtu yeyote. Sasha alikufa na tukaona, vita ikaanza na tukaona, na Maggie akafunga kwa maneno juu ya Glenn na vile siku ya kwanza alivyomsaidia mtu asiyemjua aliyekwama ndani ya kifaru. Hakuna jina lililofichwa. Waliotazama walikuwa milioni 11.31. Oktoba iliyofuata msimu wa nane ukafunguliwa, ukiwa pia ndiyo sehemu ya 100 ya mfululizo mzima na umetangazwa kwa mbwembwe zote, kwa watu milioni 11.44. Mwaka mmoja kabla, swali la nani kafa lilivuta watu karibu milioni tatu zaidi kati ya Aprili na Oktoba. Safari hii, bila swali, waliongezeka laki moja na elfu thelathini.